Mama wa Maua na Wimbi la Kando ya Barabara

Ukitoka Amagoro kwenda Malaba, kabla hujaanza kuona paa za stesheni, kulikuwa na boma moja ambalo hukuhitaji kuuliza njia. Maua ndiyo yaliyokuelekeza. Yalikuwa mekundu, marefu ya kufika kifuani, na majani yake mapana kama ya mgomba mchanga. Yalijipanga kutoka mlangoni mpaka ukingo wa barabara kama watoto wa shule wanaongoja mgeni. Lori za kwenda Uganda zilipunguza mwendo hapo, na hazikuwa zinaogopa shimo. Ukichungulia nyuma ya maua uliona nyumba ya nyasi, nyuma ya nyumba uliona shamba la wimbi, na ndani ya wimbi, mgongo umeinama, ulimwona mwenyewe.

Sisi tulimwita Mama wa Maua. Mgeni angedhani ni sifa. Kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake, na huyu jirani yetu hakuzaa, kwa hiyo walioanza kumwita hivyo walikuwa wanamchoma kidogo. Yeye akaitika. Aliitika kwa sauti ya juu kabisa, kila mara, mpaka ile sindano ikapoteza ncha, na sisi tuliozaliwa baadaye tukakua tukiamini hilo ndilo jina lake. Mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza kama ana lingine. Nilikuwa mtu wa kuwaza mambo makubwa: ndege, nyumba yenye madirisha ya kioo, treni ya kunipeleka mpaka mwisho wa reli. Jina la jirani halikuwa kwenye orodha hiyo.

Maua yenyewe aliyaleta mumewe. Marehemu alikuwa akifagia stesheni ya Malaba, na pale stesheni kulikuwa na vitalu vya maua vilivyozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Siku moja alirudi nyumbani na mkebe wake wa chakula, akampa mkewe afungue. Hadithi hii tuliisikia mara nyingi na hatukuichoka.

“Nilifungua nikitegemea kiporo cha ugali,” alikuwa akituambia. “Nikaona kitu kama tangawizi mgonjwa. Nikamuuliza, baba, hii inapikwa vipi? Alicheka mpaka akakaa chini.”

Huo ulikuwa mzizi wa ua la stesheni. Waliuzika mbele ya nyumba, na ukafanya kama mizizi ile inavyofanya, ukaenda chini kwa chini ukitoa watoto huku na huku. Mume alipofariki, yale maua yalikuwa yameshafika nusu ya njia ya kwenda barabarani. Mjane alipomaliza matanga aliyafikisha barabarani yeye mwenyewe.

Mama yangu alikuwa mtu wa wimbi. Kwake kila kitu kilichoota kilipaswa kujibu swali moja: kinaingia tumboni kwa njia gani? Wimbi lilijibu vizuri. Lilikuwa uji asubuhi, ugali jioni, na ajono ya wakubwa, ile pombe ya chunguni inayonyonywa kwa mirija mirefu watu wakiwa wamekaa duara. Basi hao wawili walikuwa wakipigana vita vyao juu ya ua wa katani, uzio uliotugawa, kila mmoja na jembe lake mkononi.

“Hilo ua lako halisagwi,” mama angesema. “Halipikwi. Halichachi. Limekaa tu kama mgeni asiyeondoka.”

“Na wimbi lako,” mwenzake angejibu, “ni dereva gani amewahi kusimamisha lori aliangalie?”

“Dereva akishiba wimbi ndipo anapata nguvu ya kuangalia maua.”

“Basi tumekubaliana. Wewe mshibishe, mimi nimsimamishe.”

Halafu wangeulizana habari za kuku.

Lakini msidhani alilidharau wimbi. Hapo ndipo wengi walimkosea. Wimbi lake lilikuwa safi, na akilipalilia alichuchumaa toka jua kuchomoza, akisogea kama kobe, akiitukana ile nyasi ya mwituni inayofanana na wimbi kama pacha. Wenye mashamba ya wimbi wanaijua. Inaota katikati ya wimbi ikiwa na majani yale yale na rangi ile ile, na mpaka itoe kichwa hujui ni nani mwenyeji na ni nani mwizi. Mwaka mmoja tulipalilia kwetu kwa zamu, kama desturi, akina mama wote wa upande ule wakiwa kwenye mstari mmoja. Yeye alikuwa anasimulia ile hadithi ya mkebe. Aliposimulia mikono yake iliendelea peke yake, na mikono bila mwenyewe haina akili. Alingʼoa wimbi, akaacha nyasi. Kipande kizima. Hatukujua mpaka vichwa vilipotoka, na mama akasimama pale shambani mikono kiunoni.

“Nimevuna nyasi,” alisema. “Mungu wangu, nimelishwa mkebe.”

Mama wa Maua alimletea kikapu cha wimbi kutoka kwake siku hiyo hiyo, na mama alikipokea, lakini msamaha wa maneno hakutoa. Miaka yote, kila akipewa wimbi na jirani yake, alilitazama kwanza kwenye kiganja na kuuliza kama si ile nyasi.

Kitu cha ajabu kwake ni kwamba wimbi alilitoa ovyo, lakini ua hakutoa. Ukienda kwake na kibuyu kitupu, ulirudi nacho kimejaa na hakuna aliyekukumbusha. Ule mwaka wa ukame, watu wote tulipokula unga wa manjano wa msaada na kuunungʼunikia, ghala lake lilikuwa wazi mpaka likaisha, akaanza na yeye kula wa manjano kama sisi. Ila uombe ua moja. Katekista aliwahi kuja kuomba la kuweka mezani kanisani kwa Pasaka. Alimjibu kwa heshima zote kwamba Mungu akitaka kuyaona anajua yalipo. Na Mama wa Maua mwenyewe kanisani hakukosa, yuko benchi la mbele, kama ambavyo kwenye chungu cha ajono hakukosa pia, mrija wake mwenyewe umefungwa kwenye kitambaa.

Kuna dereva mmoja wa Busia mjini, kijana wa Kiislamu mwenye kofia nyeupe, aliyekuwa akipeleka chumvi ngʼambo. Huyo alisimamisha lori kabisa na kushuka. Alikuwa anaoa Ijumaa ile, akataka maua ya kupamba chumba cha bibi harusi, na alikuwa tayari kulipa.

“Mama, nipe machache tu. Nitakuombea dua.”

“Niombee ukiwa pale pale,” alisema. “Hili nikilikata, kesho limenyauka, na wewe utakuwa umeoa mke na takataka. Mlete bibi harusi ayaone yakiwa yamesimama.”

Tulicheka sana. Lakini kijana yule, wallahi, baada ya harusi alimleta. Tulimwona bibi harusi akishuka kwenye lori na mikono yenye hina, akipita katikati ya maua polepole, na Mama wa Maua akitembea nyuma yake kama mtu anayeonyesha watoto wake. Aliwapa wimbi la kwenda nalo. Ua hakuna.

Alikuwa na tabia ya kugawa watu. Huyu ni wimbi, huyu ni ua. Wimbi ni mtu ambaye ukimwona humtazami, lakini akikosekana nyumba inalala njaa. Ua ni mtu ambaye hakusaidii kazi yoyote, lakini akipita unasahau kwamba miguu inauma. Mama yangu alikuwa wimbi, hilo halikuwa na ubishi. Katekista alikuwa wimbi lililooteshwa kwenye mwamba. Mimi nilipomuuliza, nikiwa nimemaliza darasa la saba na karo ya kuendelea haipo, nikishinda nimekaa kwenye jiwe nikitazama treni, alinijibu bila hata kuinua kichwa.

“Wewe ni ua. Tena lile la kando, linaloangalia barabara.”

Nilinuna. Nikamuuliza yeye je? Nilijua atasema ua.

“Mimi?” alisema. “Mimi ni mchwa. Nafanya kazi usiione, na nikifa hakuna anayeuliza.”

Alisema akicheka, na mimi nikacheka. Lakini sikulisahau, kwa sababu nilikuwa nimeanza kufika umri wa kusikia vitu. Kwetu jina la mtu halikai kwenye jiwe. Linakaa kwenye mtoto. Mtoto akizaliwa, wazee wanaita majina ya watu wa ukoo mpaka moja limkubali, na mwenye jina hilo anaanza kuishi tena. Asiyekuwa na mtoto wala mjukuu, nani atamwita? Siku moja nilimuuliza kwa nini aliyapanda maua mpaka barabarani, si yangetosha mlangoni. Alikuwa anafunga mzigo wa kuni, akaukaza kwanza.

“Ili mtu akipita ajue hapa alikaa mtu.”

Akabeba kuni zake.

Sasa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Sitaki kumchora kama fisi, kwa sababu hakuwa fisi. Alikuwa na vijana wakubwa watatu na ardhi isiyowatosha, na kila akipita aliona kipande kizuri cha kaka yake kimejaa kitu ambacho hata mbuzi hali. Kwetu shamba linashikwa kwa jembe. Palipolimwa chakula pana mwenyewe, na pasipolimwa pana mjadala. Akaja akakaa kwenye kigoda, akapokea uji, akaumaliza, akasema alichokuja kusema. Kwamba mvua za masika zinakuja. Kwamba yeye anamheshimu. Kwamba kama kile kipande cha mbele kitakuwa bado maua mvua zikianza, ataleta ngʼombe na plau, ampe kijana wake wa kwanza, maana hata hivyo shemeji yake hana wa kumwachia.

Tulikuwa upande wetu wa katani, mimi na mama, tukisikiliza.

“Hicho ni kitalu cha kaka yako,” Mama wa Maua alisema.

“Kaka yangu alikula wimbi, shemeji. Sikumwona akila ua.”

 Mama yangu, ambaye alikuwa amesema maneno hayo hayo juu ya uzio huo huo maisha yake yote, alishika katani kama anataka kuipasua. “Hayo ni yangu kusema,” alininongʼoneza. “Si yake.”

Tulidhani atakwenda kwa chifu, au kwa katekista, au atalia. Hakufanya hata moja. Asubuhi moja, mawingu yakiwa yamekaa upande wa Tororo, tuliamka na kusikia jembe. Alikuwa ameanzia barabarani. Alichimba kila shina kwa mkono wake, akatikisa udongo, akayalaza pembeni kwa lundo, mizizi juu, maua chini. Mama aliruka ua wa katani, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya kabla wala baada, akamshika mkono.

“Wacha. Tutapanda wimbi katikati yake. Litaota tu.”

“Atasema ni maua yenye wimbi,” alijibu. “Mimi nataka iwe wimbi, asiwe na la kusema. Na sitaki ngʼombe wayakanyage. Niliyaweka mimi, nayatoa mimi.”

Mama akaenda akaleta jembe lake. Wakachimba pamoja mpaka wakafika mlangoni. Pale mahali mumewe alipouzika ule mzizi wa kwanza, Mama wa Maua alisimama kidogo, kisha akachimba na hapo.

Barabara ilikuwa ya ajabu siku zile. Ilikuwa kama mtu aliyenyoa ndevu, unamjua lakini humjui. Madereva walipunguza mwendo kwa mazoea, wakatazama udongo, wakakanyaga mafuta. Yeye alimwaga wimbi lake, akalifunika kwa tawi, mvua ikaja. Lile lundo la maua lilibaki kando ya njia, maua yakiwa meusi yamejikunja, na hakulitazama tena.

Sasa sikilizeni. Jioni moja nilikwenda kisimani, nikamwona mke wa yule shemeji, naye ana mzigo wa kuni kichwani, ameinama kwenye lundo. Alichukua mzizi mmoja akauchomeka katikati ya kuni. Nikajificha ili asione haya. Nilipotoka nikamkuta muuza samaki anayetoka Osieko anafunika mwingine kwenye kapu, juu ya samaki. Katekista alipita na baiskeli na alikuwa na mfuko. Mimi nilikuwa na mtungi, na sitasema mtungi wangu ulirudi na nini. Kila mtu aliiba kivyake, kwa siri, akidhani ni yeye peke yake, na lile lundo likapungua kama mlima wa chumvi kwenye mvua.

Mizizi ile haifi kwa kutupwa. Masika yalipokolea, maua ya stesheni yalitoka mbele ya nyumba yetu, mbele ya kanisa, kwenye soko la Amagoro, kwa muuza samaki, na kwa shemeji mwenyewe, karibu na zizi. Mama wa Maua alipata habari, akafunga kitambaa, akatembea barabara nzima akikagua. Tulidhani atafurahi. Aligomba. Huyu kapanda karibu karibu, yule kapanda kivulini, katekista kapanda kichwa chini na bado limeota kwa huruma ya Mungu.

“Wezi watupu,” alimwambia mama aliporudi, na alikuwa anapangusa macho kwa pembe ya leso. “Nimezungukwa na wezi watupu.”

Wimbi kama la kile kipande lilikuwa halijawahi kuonekana. Udongo ulikuwa umepumzika miaka mingi chini ya majani mapana. Vichwa vilijikunja kama ngumi za mtoto aliyelala. Shemeji alikuja wakati wa mavuno, akatazama, mwisho akaomba wimbi la ajono. Alipewa kikapu kilichojaa na kushindiliwa.

Mwaka uliofuata mimi nikaolewa Amagoro, kwa fundi wa baiskeli mwenye meno mazuri, na mwisho wa reli nikauacha kwanza ungoje. Nilipojifungua msichana, Mama wa Maua alikuja kwa miguu na kapu la wimbi kichwani, lile la kando ya barabara, akamkabidhi mama mkwe wangu kwa ajili ya ajono ya kumpa mtoto jina. Mama yangu akatia mkono kapuni, akatazama kiganja chake.

“Si ile nyasi?”

“Ni ile nyasi,” alijibu mwenzake. “Mtoto atakuwa mrefu.”

Siku yenyewe ilipofika nyumba ilijaa. Desturi ni hivi. Bibi wa mtoto anachovya kidole kwenye ajono, anakitia mdomoni mwa mtoto na kutaja jina la mtu wa ukoo. Mtoto akinyonya, amekubali. Akikataa, linatajwa lingine. Mama mkwe alianza na mama yake mzazi. Mtoto akageuza uso. Akataja shangazi, mtoto akatema. Akataja wa tatu na wa nne, na binti yangu akalia kama anachinjwa, wazee wakaanza kutazamana. Mama wa Maua alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali pa mtu ambaye si wa ukoo.

Ndipo nilipopata ujasiri ambao hadi leo sijui ulitoka wapi. Nikamwomba mama mkwe ajaribu jina la aliyeleta wimbi. Wazee wakagunaguna. Mama mkwe, Mungu amweke, ni mwanamke asiyependa mtoto kulia. Akageuka kuelekea mlangoni.

“Mama, wewe unaitwa nani?”

Hapo tukajua sote kwa pamoja kwamba hakuna aliyekuwa akijua. Hata mama yangu, miaka yote ile juu ya katani. Yeye mwenyewe alifungua mdomo, akafunga. Ni kama mtu aliyeombwa kitu alichokiweka zamani, anakumbuka nyumba lakini hakumbuki sanduku. Kisha akalisema, kwa sauti ndogo sana. Yeye, mwenye sauti ya kusimamisha lori.

Mama mkwe akachovya kidole. Akalitaja. Mtoto akanyamaza, akanyonya.

Mume wangu husema mtoto alikuwa amechoka na ana njaa, na kwamba dakika ile angenyonya hata kwa jina la mbuzi. Labda. Mimi sibishani na fundi wa baiskeli. Ila mama yangu alivuka watu wote, akaenda kukaa pale mlangoni kando ya jirani yake, bega kwa bega, na hakuna aliyesema kitu juu ya nyasi.

Jina hilo mtanisamehe siliandiki. Lilikaa kimya muda mrefu, sasa lina mwenyewe mdogo, nataka alizoee kwanza.

Majuzi nilikwenda nyumbani. Binti yangu anatembea sasa, anaanguka zaidi kuliko anavyotembea. Tulimkuta Mama wa Maua amekaa kando ya wimbi lake akipepeta, mgongo umekubali kuinama hata akikaa. Kwenye kona ya barabara, mahali pamoja tu, ua la stesheni lilikuwa limechomoza kati ya mabua, na hakuwa amelingʼoa. Shemeji anaona, alisema, na amenyamaza. Na kwake yako mengi zaidi.

Alimtazama mtoto muda mrefu. Kisha akainuka, akaenda kwenye kona, na akafanya kitu ambacho barabara nzima haikuwahi kumwona akifanya. Alilikata. Akalileta na kumwekea mtoto mkononi, na mtoto akalitazama vizuri, akalitia mdomoni, akaanza kulitafuna.

Mama wa Maua alicheka mpaka akakaa chini.

“Huyu ni wimbi,” alisema. “Anataka kila kitu kiliwe.”

Jua lilipoanza kushuka tukaaga. Binti yangu alitangulia mbele yangu barabarani, mdomo mwekundu, akiyumba kuelekea upande wa lori. Nyuma yetu nikamsikia yule mama akiita, kwa ile sauti yake ya zamani, akiita jina lake mwenyewe, na mtoto akasimama, akageuka.